Tochi ya Plazma: Hewa Inayopoza Nozeli Ndiyo Inayolinda Mkono Wako

Mashine ya kawaida ya kuchomelea kwa vijiti, ikiwa imewashwa na kijiti hakijagusa chuma, huwa na volti 60 hadi 80 hivi kwenye kishikio. Mashine ya kukatia kwa plazma huwa na volti 250 hadi 300, na nyingine hufika 400. Fundi aliyekulia kwenye vijiti huichukulia tochi ya plazma kama kishikio kilichoongezewa mpira wa hewa. Ataishika kwa glavu iliyolowa jasho, atabadilisha nozeli mashine ikiwa imewashwa, ataviringisha waya wake begani ili usimsumbue. Mazoea hayo, ambayo kwenye volti 70 mara nyingi humpa mtu mshtuko wa kumkasirisha tu, ingawa hata hapo yanaweza kuua, kwenye volti 300 za umeme mnyoofu ni hatari zaidi ya kifo.

Namwandikia fundi wa karakana ndogo mwenye mashine ya ampea 40 hadi 60 inayotumia hewa ya kompresa, maana hapo ndipo wengi huanzia. Karakana yenye meza ya kompyuta na tochi inayopozwa kwa maji nitaifikia baadaye. Wote wawili nawaambia neno moja: kwenye kifaa hiki kupoza na usalama havitengani. Kile kinachoizuia nozeli isiyeyuke ndicho kinachouweka moto mahali pake, na moto ukihama mahali pake, kilicho jirani nao ni mkono wako.

Jinsi shaba inavyosalimika

Mwaka 1957 Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, alipewa hataza ya tochi ambayo hupitisha arki ya umeme kwenye tundu jembamba. Arki iliyobanwa hivyo huwa kali kuliko arki iliyo wazi, na gesi inayopita ndani yake hugeuka plazma yenye joto linaloweza kufika nyuzi 20,000 za Selsiasi. Tundu lenyewe limetobolewa kwenye kipande cha shaba, na shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Jiulize basi nozeli inadumuje hata dakika moja.

Fungua tochi yako, mashine ikiwa imechomolewa ukutani, uvipange vipande vyake kitambaani. Utaona elektrodi ya shaba yenye kitone kidogo cha kijivu nchani. Kitone hicho ni hafni, madini yanayoyeyuka kwa nyuzi 2,233 na yanayostahimili kazi hii ndani ya hewa, na ndicho kinachotoa umeme unaoingia kwenye arki. Kisha kuna pete yenye vitundu vidogo vilivyotobolewa kimshazari. Baada yake nozeli, halafu kofia inayobana vyote, na kwenye tochi nyingine kuna ngao ya mbele.

Ile pete ndiyo yenye siri. Kwa kuwa vitundu vyake vimekaa upande, hewa huingia ikizunguka kama maji yanavyozunguka kwenye tundu la karo. Hewa baridi, ambayo ni nzito zaidi, hutupwa pembeni na kugandamana na ukuta wa nozeli, huku ile iliyowaka ikibaki katikati. Kwa hiyo arki haigusi shaba. Katikati yao kuna utandu mwembamba wa hewa baridi inayozunguka, na utandu huo ndio ukuta wote ulio nao. Hewa nyingine hupita nyuma na pembeni ya elektrodi kuondoa joto lake, kisha hutoka kuzunguka nozeli.

Hewa ikipungua, au pete ikipasuka, au tone la maji likiingia, utandu huo hutoboka. Arki huruka kutoka elektrodi hadi ukuta wa nozeli, kisha kutoka nozeli hadi bamba unalolikata, ikawa arki mbili badala ya moja. Nozeli huharibika papo hapo: tundu lililokuwa duara huwa yai, au huchanika upande. Ukiona mkato wako umeanza kuinama upande mmoja ghafla, na mlio wa tochi umebadilika kutoka mluzi safi kuwa wa kukwaruza, achia triga. Ukiendelea kukata joto hupanda juu kwenye kichwa cha tochi. Kichwa hicho ni plastiki inayozuia umeme usikufikie, na plastiki ikishaungua haizuii tena.

Ukiona mwanga wa kijani ndani ya arki, acha kazi mara moja. Hafni imekwisha na shaba ya elektrodi yenyewe ndiyo inayoungua. Usisubiri ufike huko. Chunguza kitone cha hafni kila unapofungua tochi: kikishachimbika shimo la milimita 1.5 hivi, elektrodi imemaliza kazi yake. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine yako kama kinasema tofauti. Badilisha elektrodi na nozeli pamoja, kwa sababu elektrodi iliyochimbika huipeleka arki upande na kuila nozeli mpya kwa siku moja.

Maji yaliyomo kwenye hewa ya pwani

Hapa nitakaa kidogo, maana tochi nyingi za mwambao hufa kwa sababu hii na lawama hutupiwa nozeli za bei rahisi.

Chukua siku ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa, joto nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba gramu 24 hivi za maji, huyaoni kwa kuwa ni mvuke. Kompresa ikiibana hadi ba 7 kwenye geji, kisha hewa ikapoa tena hadi nyuzi 30, haiwezi kubeba hata gramu 4 kati ya hizo. Gramu 20 zinageuka maji. Mashine ya ampea 45 hivi hula lita 200 za hewa kwa dakika, yaani mita 12 za ujazo kwa saa ya kukata mfululizo. Zidisha. Ni kama robo lita ya maji kwa kila saa ya arki, na maji hayo yana njia mbili tu: yabaki kwenye tangi na kichujio, au yaingie kwenye tochi.

Yakiingia kwenye tochi, hugeuka mvuke mbele ya arki, utandu wa hewa huvurugika, hafni huliwa haraka na arki hukatikakatika. Maji pia yakichanganyika na vumbi la shaba lililomo ndani ya kichwa huupa umeme njia ya kupita mahali ambapo mhandisi alikusudia usipite.

Fungua vali ya chini ya tangi la kompresa kila asubuhi kabla ya kuiwasha, na tena mchana, mpaka utoke upepo mkavu. Usiweke kichujio kikiwa kimeng'ang'ania kwenye kompresa, kwa kuwa hewa ikiwa bado moto maji yake ni mvuke na yatapita moja kwa moja. Acha hewa itembee kwanza kwenye mita kadhaa za bomba la chuma lenye mteremko kidogo, lenye koki ya kumwagia maji mwishoni, ipoe, ndipo ikutane na kichujio karibu na mashine. Kipimo cha kujua kama umefaulu ni rahisi: toa hewa bila arki kwa kutumia sehemu ya kujaribu hewa iliyopo kwenye mashine nyingi, elekeza tochi kwenye kioo kikavu kwa nusu dakika. Kioo kikipata ukungu au madoa ya mafuta, hewa yako haifai bado.

Mafuta nayo ni shida. Kompresa iliyochakaa hupitisha mafuta kwenye hewa, nayo huacha masizi ndani ya pete. Tena baadhi ya mafuta ya kompresa ya viwandani hula plastiki ya kikombe cha kichujio mpaka kikapasuka kikiwa na hewa ndani. Kikombe chenye kava ya chuma ni kinga ya bei ndogo.

Kisha kuna suala la nguvu ya hewa. Fundi huangalia geji tochi ikiwa imelala, anaona ba 6, anaridhika. Angalia geji hewa ikiwa inatoka. Mpira mwembamba na mrefu unaweza kuiteremsha hadi ba 4, na hapo nozeli haipozwi inavyotakiwa. Tumia mpira wenye upana wa ndani usiopungua milimita 9 au 10. Na ukinunua kompresa, fahamu kuwa namba kubwa iliyobandikwa kwenye nyingi za kompresa ndogo ni ya hewa inayovutwa. Inayotoka ni pungufu sana ya hiyo. Wala usidhani ukizidisha hewa utapoza zaidi: hewa kali mno huizima arki ya mwanzo na kuichimba elektrodi.

Vizuizi vitatu ambavyo mafundi huvichukia

Tochi nzuri ina vizuizi vitatu vinavyochelewesha kazi, na kila kimoja kimewekwa kwa sababu.

Cha kwanza ni kifuniko cha triga, kile kinachokulazimu kukiinua kwa kidole kabla ya kubonyeza. Wapo wanaokivunja. Tochi isiyo nacho ikianguka kwenye rundo la vyuma chakavu, au ikiburutwa na waya wake chini ya meza, inaweza kuwaka yenyewe. Arki ya mwanzo haihitaji kugusa bamba. Huzaliwa kati ya elektrodi na nozeli, hewani, nayo hupenya glavu na ngozi bila kusita.

Cha pili ni kitambuzi cha kofia. Ndani ya kichwa cha tochi kuna vipini viwili vidogo ambavyo kofia ikifungwa sawasawa huviunganisha, na mashine ikakubali kufanya kazi. Kofia ikiwa imelegea, taa ya onyo inawaka na mashine inakataa. Vipini hivyo vikiingia uchafu, mashine hukataa hata kofia ikiwa imefungwa, na hapo ndipo hutokea jambo ninalolipinga kwa nguvu zangu zote: kuunganisha nyaya zake kwa kipande kidogo cha waya ili mashine idanganyike. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote atakayefungua kofia mashine ikiwa imewashwa na kugusa triga kwa bahati mbaya atakuwa ameshika elektrodi tupu yenye volti 300. Mara nyingi huyo si aliyeunganisha waya. Ni kijana mwanafunzi aliyeambiwa, "Hebu nibadilishie nozeli hiyo," akaitika, "Sawa, fundi," bila kujua lolote. Safisha vipini kwa kitambaa kikavu. Vikiwa vimekufa, nunua kichwa kipya. Na hata kitambuzi kikiwa kizima, zima mashine kwenye swichi yake kuu kabla ya kufungua kofia, kila mara, maana mashine nyingine za bei nafuu hazina kitambuzi kabisa.

Cha tatu ni hewa inayoendelea kutoka baada ya kuachia triga. Kwa sekunde kumi, ishirini au zaidi, kutegemea mashine, tochi hupuliza bila kukata. Fundi mwenye haraka huona hewa inapotea bure, huizima mashine au hufunga koki. Lakini joto lililomo kwenye elektrodi wakati huo halina mahali pengine pa kwenda ila juu, kwenye kichwa na oringi zake. Iache feni ya mashine nayo izunguke mpaka mashine ipoe. Usiichovye tochi kwenye ndoo ya maji ili ipoe haraka. Pete yake inaweza kupasuka, na maji yataingia mahali ambapo umetumia asubuhi nzima kuyazuia.

Oringi zenyewe zipake grisi ya silikoni kidogo sana, iwe inang'aa tu. Ikizidi huziba vitundu vya hewa.

Muda wa kazi wa mashine umeandikwa kwenye kibao chake cha nyuma. Asilimia 60 maana yake ni dakika sita za kukata katika kila dakika kumi, na hesabu hiyo hupimwa kwenye joto la nyuzi 40. Chini ya bati jeusi saa nane mchana unakaribia kiwango hicho kabla hata hujawasha. Tochi nayo ina asilimia yake, na si lazima ilingane na ya mashine. Nozeli ya ampea 40 usiipitishie 60 kwa kuwa bamba ni nene; utapata mkato mbaya na nozeli iliyochomeka. Na kama nozeli yako haina ngao ya kuburuzia, iinue milimita mbili au tatu juu ya bamba. Kuiburuza moja kwa moja kwenye chuma kwa ampea nyingi kunaualika mruko wa arki mbili niliousema.

Unapotoboa katikati ya bamba, anza na tochi imeinama, cheche zirukie upande usio na mtu, kisha isimamishe taratibu chuma kikishatoboka. Ukiisimamisha tangu mwanzo, chuma kilichoyeyuka hakina pa kutokea ila kurudi juu na kuziba nozeli.

Tochi inayopozwa kwa maji

Kuanzia ampea mia na kitu hivi hewa peke yake haitoshi, na tochi hupozwa kwa kimiminika kinachozunguka. Ndani ya elektrodi, ambayo ni tupu kwa nyuma, huingia kibomba chembamba kinachopuliza kimiminika hadi karibu kabisa na mgongo wa hafni, kisha kikarudi kikipitia nozeli. Kibomba hicho kikilegea au kikipinda, ncha ya elektrodi hukaa kwenye kimiminika kisichotembea, kikachemka, na shaba ikatoboka kwa sekunde chache. Ndiyo maana mashine hizi zina kitambuzi cha mtiririko kinachozima kila kitu kikiona kimiminika kimepungua mwendo. Nacho usikidanganye.

Kimiminika hicho kinapita kwenye vipande vyenye umeme mkubwa, hivyo lazima kisipitishe umeme. Maji ya bomba hayafai, na ya kisima cha pwani yenye chumvi ndiyo mabaya zaidi. Kulanti ya gari, iwe ya kijani au nyekundu, nayo haifai: dawa zake za kuzuia kutu hupitisha umeme na huacha ute kwenye njia nyembamba. Tumia kile alichoelekeza mtengenezaji, kwa kawaida mchanganyiko wa maji yaliyosafishwa madini na glaikoli ya propilini pamoja na dawa ya kuzuia shaba isiliwe. Ukilazimika kutafuta maji safi kwenye duka la betri, hakikisha kwa macho yako kuwa si tindikali, maana madukani vyote viwili huitwa "maji ya betri".

Mwili wako na kilicho chini ya mkato

Klempu ya ethi iume chuma kilichong'arishwa, karibu na mkato, isiume kipande kitakachoanguka. Mashine iwe na waya wa ethi wa kweli ukutani. Glavu ziwe kavu, na uwe na jozi ya pili ya kubadilisha, kwa sababu jasho la mwambao hulowesha ya kwanza kabla ya saa sita. Kabla ya kufungua kava la mashine kwa matengenezo, chomoa waya ukutani na usubiri dakika tano. Kapasita zake hubaki na umeme hata taa zote zikiwa zimezimika. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie mashine inayowasha kwa masafa ya juu kabla ya kumuuliza daktari wake.

Miwani ya jua haizuii mwanga huu. Viwango vya Marekani vya ANSI Z49.1 vinataka kioo kisichopungua namba 6 kwa ampea 40 hadi 60, na namba 8 ukipita 60. Vaa 8 tangu mwanzo. Ziba na masikio.

Bati lenye zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyohiyo. Chuma cha pua hutoa kromiamu inayodhuru mapafu kwa miaka. Hapo hewa ipite, na barakoa iwe ya moshi wa chuma, ya kitambaa haisaidii. Chuma kilichosafishwa kwa dawa za kuondoa grisi zenye klorini kikauke kabisa mbali na arki; mwanga wake huugeuza mvuke wa dawa hizo kuwa gesi ya sumu ya fosjini.

Pipa la lita 200 usilikate, hata kama lina mwaka halina mafuta. Mafuta yaliyokauka kwenye mishono yake hugeuka mvuke yakipata joto, na pipa hulipuka. Kama ni lazima, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lisuuzwe, vizibo vyote vifunguliwe, lijazwe maji mpaka karibu na mstari wa kukata. Kinyume chake, alumini usiikate juu ya meza yenye maji yaliyotuama: vumbi lake humenyuka na maji na kutoa hidrojeni, inayojikusanya chini ya bamba ikisubiri cheche. Usikate chuma kilicholala moja kwa moja kwenye zege pia, kwa kuwa unyevu uliomo ndani ya zege hurusha vipande vyake. Cheche hufika mita kumi. Ondoa kila kinachowaka ndani ya umbali huo, na mtu abaki akiangalia nusu saa baada ya kazi kwisha.

Ukienda kununua mashine iliyotumika, usiridhike na kuona inakata. Mwambie muuzaji aizime, fungua kofia ya tochi, iweke tochi mezani pasipo na mtu, kisha aiwashe bila kugusa triga: taa ya onyo iwake. Rudisha kofia mashine ikiwa imezimwa, iwashe, funga koki ya hewa: mashine ikatae kuanza. Fungua hewa, kata kipande, achia triga na usikilize kama hewa inaendelea kutoka na feni inazunguka. Halafu chungulia ndani ya kava kwa kurunzi, ukiwa umechomoa waya, uone kama kuna kipande cha waya kilichoongezwa kwenye njia ya kitambuzi. Ukikikuta, au muuzaji akikwambia "hiyo haina shida, kaka, kila mtu anafanya hivyo", rudi nyumbani na pesa yako.